Transfo Niliyopewa Siku ya Matanga

Kasereka, ndugu yangu,

Ninakuandikia nikiwa darasani. Watoto wamekwenda kwao, ubao haujafutwa, na mlinzi amenipa saa moja kabla ya kufunga geti. Nimechomoa kurasa nne katikati ya daftari la mazoezi, zile ambazo zikitoka hakuna anayegundua. Nyumbani nilishindwa. Nyumbani transfo yako, ile ya kushusha umeme, iko juu ya meza, na kila nikishika kalamu naiangalia, naacha.

Miezi tisa sasa. Sijui kama huko mnahesabu. Huku Rughenda ndege ndogo bado zinashuka pale uwanjani na watoto wangu bado wanakimbilia dirishani kana kwamba hawajawahi kuona ndege. Duka lako limechukuliwa na mama mmoja anayeuza ndoo za plastiki, amezitundika mpaka mlangoni, nyekundu kwa buluu. Sipiti tena upande ule. Nazunguka nyuma, kwenye matope, kama mtu aliyeiba kuku. Mtu akiniuliza kwa nini viatu vyangu ni vichafu, nasema ni mvua.

Jumapili ndiyo mbaya kuliko siku zote. Nikitoka misa miguu inataka kwenda kwako. Mara mbili nimejikuta mbele ya geti lako la zamani, nikakumbuka kwamba mke wako, Mama Masika, alirudi kwao Beni na nyumba ina wapangaji. Mara ya pili mpangaji akanisalimia, akaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu ndiyo.

Unajua nilichokuwa nakuja kufanya pale. Ulikuwa unanawa mikono kwanza, kama padri, halafu unafungua kabati na kutoa ile mashine ya kijivu ya michezo ya televisheni, imefungwa kwenye kitenge cha zamani cha mama yako. Nyuma yake ile nyeupe, na ile nyeusi. Zote tatu za Japani, zote ulizikuta chini ya makatoni ya pasi na redio yaliyotoka Kampala. Wafanyabiashara wenzako walizitupia watoto wazivunjevunje. Wewe ulizibeba nyumbani ukazisafisha wiki nzima, na watu wakakucheka: "Papa muzima na jeu ya batoto!" Hukukasirika. Ulisema tu, "Mukuye dimanche, tutaonana." Jumapili wakaja na simu zao za bei kali mfukoni, wakakaa sakafuni, na ikabidi Mama Masika awafukuze ndipo chakula kipakuliwe.

Na ile njia yako ya kusafisha kaseti za michezo! Pamba kwenye kijiti cha kiberiti, pombe ya famasi, tone moja, halafu unasubiri. Mimi nilitaka kupuliza, kama tulivyofanya utotoni. Ulikuwa unapiga kelele: "Hapana puliza! Mate yako itakula shaba!" Nisamehe, nilikuwa napuliza ukienda kuangalia jenereta. Na zilikuwa zinawaka, Kasereka. Kila mara zilikuwa zinawaka.

Kuna ile kaseti ambayo mtoto wa kule Japani aliandika jina lake nyuma kwa kalamu, kwa herufi zao. Nilitaka kulifuta. Ulininyang'anya. Ukasema huyo mtoto sasa ni mtu mzima wa umri wetu, labda ana upara, labda ana bosi mbaya, na hajui kwamba kitu chake kiko Butembo. "Yeye naye iko mwenzetu," ulisema. Nilikuona kama mjinga siku ile. Sasa namfikiria mara nyingi mtu yule kuliko ninavyowafikiria watu wa mtaani kwangu.

Mwalimu mwenzangu mmoja, kijana, wa darasa la tatu, aliniuliza tulikuwa tunapata nini kwenye vitu vile vya zamani wakati simu yake ina michezo mia. Sikumjibu vizuri, nilikuwa na hasira za njaa. Jibu nimelipata baadaye, na wewe ndiye ulistahili kulisikia. Simu yake inamuomba mtandao, inamuomba nafasi, inamuomba asubiri, na akimaliza kusubiri mchezo umekwisha kubadilika. Mashine yako ilikuwa haibadiliki. Yule ndege wa buluu wa mchezo wetu alitokea palepale, nyuma ya mlima wa pili, Jumapili ya kwanza na Jumapili ya mwisho. Haikuhifadhi kitu. Hata tufike mbali namna gani, jenereta ikizimika tunarudi mwanzo, mimi na wewe, sawasawa. Huku kwetu, ambako mtu analala bila kujua barabara gani itakuwa imefungwa asubuhi, mimi nilikuwa najua ndege atatokea wapi. Nilikuwa napumzika, ndugu yangu. Sikuwa najua kwamba ni mapumziko mpaka yaliponiishia.

Basi nikueleze jambo lenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Presha ilipokuchukua, siku mbili tu hospitali na asubuhi ya tatu hukuamka, tulikaa matanga kama inavyotakiwa. Siku ya kuyaondoa, ukoo wako wote ulikusanyika uani. Baba yako mkubwa, mzee Mbusa wa Bulengera, ndiye aliyegawa. Unamjua, mtu wa haki mpaka anachosha. Nguo ziligawanywa, viatu, redio, baiskeli. Halafu wakatoa mashine zako na kuziweka kwenye mkeka, na mzee akasema kila nyumba ipate. Ile nyeupe ikaenda kwake, kwa ajili ya wajukuu. Ile nyeusi akapewa mdogo wako wa Kanyabayonga. Ya kijivu akapewa binti yako Masika. Mpaka hapo sawa. Lakini mzee aliona kaseti bado ziko, na manette, zile za kushika mkononi unapocheza, na nyaya, na kwake haki ni haki. Akazigawa kama viazi, fungu kwa fungu, bila kujua kwamba kaseti ya hii haiingii katika ile. Mdogo wako alipewa manette mbili za mashine isiyo yake, akashukuru. Ingekuwepo roho yako pale, ingecheka mpaka ikae chini.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na marafiki, kwa maana rafiki si ukoo. Ndipo mzee akainua transfo. Ile transfo yako ya chuma, inayoshusha umeme wetu wa mia mbili na ishirini uwe mia moja na kumi, ile ambayo bila yake hakuna hata mashine moja kati ya zile inayoweza kuchomekwa ukutani ikabaki salama. Aliipima mkononi, akaona ni nzito kuliko vyote vilivyokuwa mkekani, akaniita. "Huyu alikuwa rafiki ya kweli," alisema. "Mutu wa uzito, bamupe kintu ya uzito." Wakapiga makofi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru kwa Kinande, wasingya, kama mtu mwenye adabu.

Nilijua. Palepale nilijua kwamba mzee ameniwekea mkononi mashine zote tatu bila yeye kufahamu. Neno moja lilitosha: Mzee, bila kitu hiki vile vingine vitaungua. Sikulisema. Na nitakuambia kwa nini, kwa sababu kwako sikuwahi kusema uongo ila ule wa kupuliza. Nilifurahi. Siku thelathini watu walikuwa wanalia juu yako, shangazi ambao hawakukutembelea miaka mitano, na hakuna aliyeniuliza mimi nalala vipi. Nikasema moyoni, haya, gawaneni. Mtakaponihitaji mtakuja. Nilitaka waje kunibembeleza. Nilitaka mlango wangu ugongwe.

Hakuna aliyekuja.

Baada ya Pasaka nilikutana na mzee Mbusa njiani, anatoka shambani, akaniambia bila kinyongo kwamba ile nyeupe imekufa. Mjukuu wake alinunua fishi ya kubadilishia pale sokoni, zile zinazofanya pini bapa ziingie kwenye shimo la duara, akaichomeka ukutani moja kwa moja. Ilitoa moshi na harufu, basi. "Ilikuwa ya zamani," alisema mzee, "kila kintu iko na siku yake." Alinipa na viazi, Kasereka. Alinihurumia mimi, nikapokea viazi, nikaenda navyo nyumbani, nikavipika, nikavila.

Ile nyeusi ilikuwa Kanyabayonga. Watu walipokimbia kule, mdogo wako alifika hapa na mke, watoto, godoro na masufuria. Sikumuuliza juu ya mashine. Mtu amekimbia risasi, unamuuliza mchezo? Lakini niliangalia mizigo yake yote, mmoja mmoja, na haikuwepo.

Ikabaki ya kijivu. Yetu. Nayo ilikuwa Beni kwa Mama Masika, na mimi bado nilinyamaza. Nilikuwa najiambia kwamba hawana hata televisheni, kwamba mtoto wa kike hatajali, kwamba nitapeleka likizo ikifika. Likizo ilifika ikapita.

Ijumaa iliyopita Masika akanitumia sauti kwenye simu. Ana miaka kumi na tano sasa na sauti imekuwa ya mama yake. "Papa mudogo, dimanche tutawasha jeu ya papa. Ukuye, eh? Batu bote batakuwa—" Ikakatika hapo. Nikapiga, mtandao hakuna. Nikapiga Jumamosi mchana kutwa, nikapanda mpaka kilimani pale ambapo kuna mtandao, hakuna. Nikawa naona fishi ile ya sokoni. Naona mtoto wako anainama kwenye ukuta, anafurahi, anachomeka.

Jumapili sikuenda misa. Niliitia transfo ndani ya mfuko wa shule, nikakamata pikipiki, nikaiweka mapajani. Unajua uzito wake. Kila shimo la barabara lilikuwa linanipiga kwenye mapaja, nikasema vizuri, nipige.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mji askari akafungua mfuko. Fikiria mwenyewe: njia ya Beni, ambako wanatafuta mabomu, na mwanaume peke yake anabeba chuma kizito chenye nyaya. Kijana yule alirudi nyuma hatua mbili. "Oyo nini?" Nikamwambia transfo. Transfo ya nini? Ya jeu. Weye muzee, jeu? Dereva wa pikipiki alikwisha kunikana, anasema yeye hanijui, alinichukua tu. Wakanikalisha kwenye gogo mpaka mkubwa wao amalize kula, na jua linapanda, na mimi nahesabu: misa imekwisha, wamefika nyumbani, wameweka televisheni. Mkubwa akaja, mtu wa umri wetu. Akaigeuza transfo, akasoma maandishi, akaniangalia. "Ni ile jeu ya kupuliza cassette?" Nikasema ndiyo. Akaweka mikono mbele ya mdomo, akapuliza hewa, fuu, kama sisi zamani. Askari wake wakamshangaa. Akanirudishia mfuko mwenyewe, akanifungia na zipu. Ningekuwa na wewe, tungelicheka jambo hilo mwaka mzima. Sikuwa na mtu wa kucheka naye, nikapanda pikipiki.

Nilifika Beni natokwa jasho. Niliingia bila kubisha hodi, mimi mwalimu. Sebuleni watoto wa jirani wamejaa kwenye mkeka, televisheni imewashwa na ni buluu tupu, ya kijivu iko mezani juu ya kitenge cha mama yako, manette zote mbili zimenyooshwa. Nikaangalia ukutani. Pini za mashine zilikuwa chini, sakafuni, karibu na shimo, hazijachomekwa. Wote walikuwa wamekaa tu. Wamekaa hivyo tangu watoke misa, wanangoja.

Mama Masika akatoka jikoni anapangusa mikono. Akauangalia mfuko kabla hajaniangalia mimi. "Nilibaambia mupaka transfo ifike," alisema. "Bila transfo, hakuna mutu anagusa."

Alijua, Kasereka! Bila shaka alijua. Miaka yote ile ulikuwa unapiga kelele ndani ya nyumba yake, transfo kwanza, transfo kwanza, na mimi nilifikiri ni mimi peke yangu niliyekuwa nakusikia. Nikamuuliza kwa nini basi hakutuma mtu aje kuichukua, miezi tisa. Akanitazama kama mtoto mgumu wa kuelewa. "Kintu balikupatia ku matanga, mutu haiombaka." Aliona ni kumbukumbu yangu ya pekee, akaamua mashine ikae kimya kabatini kuliko kuninyang'anya. Mimi nilikuwa Butembo nangoja wao wabishe hodi, na wao walikuwa Beni wananihurumia.

Tulichomeka. Transfo ikaanza kuvuma, ule mvumo wake wa nyuki, na Masika akaweka kiganja juu yake kupima joto, kama ulivyokuwa unafanya. Kaseti alizogawiwa ni nne, mbili tu zinaingia. Moja ni ile ya ndege wa buluu. Walinipa manette ya kwanza kwa heshima ya umri, nikaikataa, nikachukua ya pili, kwa maana ya kwanza siku zote ilikuwa yako. Masika alifika mlima wa pili na ndege akampiga. Hapo mdomo wangu ukasema wenyewe, kama ulivyosema Jumapili zote za maisha yetu: "Ulikufa, zamu yangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Masika akanigeukia, halafu akamwangalia mama yake, na Mama Masika akaanza kucheka. Alicheka akiwa amejishika kwenye mlango, kwa nguvu, kisha kicheko kikageuka, akaingia jikoni tukamsikia analia. Tukaendelea kucheza, kwa sababu hatukujua la kufanya. Nililia pia huku nacheza. Nilifika mbali kuliko ulivyowahi kufika, na nakuambia hili kwa kukuchokoza tu.

Watoto walipotoka nilimfuata jikoni nikamwambia yote. Mkeka, mzee Mbusa, furaha yangu, moshi wa ile nyeupe, viazi. Sikuacha kitu. Alikuwa anamenya ndizi na hakusimamisha kisu. Nilitaka anitukane. Alimaliza sahani nzima, ndipo akasema, "Ya muzee, utaenda kumwambia weye mwenyewe." Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia kwamba transfo naiacha hapa, ni ya Masika, nimeishika isivyostahili. Nilikuwa nimejipanga kuwa mtu mzuri, unanijua.

Akaweka kisu chini. "Ukiiacha hapa, utakuya tena kufanya nini?"

Miaka arobaini na sita, shahada ukutani, na nikabaki kuhesabu maganda ya ndizi. Aliitoa mwenyewe ukutani, akangoja ipoe, akaifunga kwa kitambaa, akaitia mfukoni mwangu, akaniwekea na ndizi juu. Masika akaniambia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, hakuuliza, alinipangia.

Mlinzi anapiga funguo, nimechelewa. Nyumba yangu bado ni tupu, usidhani Beni imeijaza. Jana nilirudi, nikawasha taa, nikasema "nimefika" kwa sauti, kisha nikaona aibu mbele ya viti. Sina mtu wa kumwambia habari za yule askari. Nimekuandikia wewe, na hutacheka.

Basi pumzika, Kasereka, ndugu wa manette ya kwanza. Nakuahidi mawili. Barabara ikiwa wazi, mwezi ukianza, nitakuwa juu ya pikipiki na chuma hiki mapajani. Na sasa hivi, kabla sijapata sababu ya kuahirisha, natoka hapa kwa miguu kwenda Bulengera kumwambia mzee Mbusa kwamba nilijua.

Paluku